Tawi Nililolivunja Havran

Tawi lilikatika kwa mlio mkavu, likaniangukia begani pamoja na zeituni zake. Wachumaji wote wakanyamaza. Mwenye shamba, bibi wa miaka sabini hivi tuliyemwita teyze, yaani dada wa mama, akaweka chini glasi yake ya chai, akaja taratibu.

Ilikuwa Novemba 2016. Havran ni mji mdogo wa wakulima karibu na Ghuba ya Edremit, magharibi mwa Uturuki. Nilikuwa nasoma Izmir, na rafiki yangu wa chuo alinialika kwao tusaidie vuno. Mizeituni imefunika kila mteremko, majani yake kijani juu na rangi ya majivu chini. Pale shambani bahari haionekani, lakini upepo wake unafika.

Mimi ni mtoto wa Pemba, nimekulia mikarafuuni, nikadhani mti ni mti. Nilipopewa fimbo ndefu wanayoiita sırık, nikapiga matawi kwa nguvu zangu zote. Zeituni zilinyesha, na nikafurahi kuona wavu niliotandika chini unajaa upesi kuliko wa wenzangu.

Teyze hakunigombeza. Aliliokota tawi, akanionesha ncha zake: vijiti vyembamba, laini, visivyo na tunda hata moja. "Hizi ni za mwakani," akasema. Mzeituni huzaa kwenye machipukizi ya mwaka uliopita, kwa hiyo ukiyavunja leo, mwakani utachuma majani. Akaishika fimbo mwenyewe, akaligusa tawi kwa ubavu, kutoka ndani kwenda nje, kama mtu anayekung'uta jamvi. Matawi ya chini tuliyachana kwa reki ndogo za plastiki, polepole, kama kichwa cha mtoto.

Niliona haya mno, kwa sababu hilo nilikwisha kufundishwa. Baba alituambia yayo hayo tukiwa juu ya mkarafuu: livute tawi, usilivunje, mti huu hauzai sawa kila mwaka. Havran nao wana var yılı na yok yılı, mwaka wa kuwapo na mwaka wa kukosa. Nilipomwambia teyze kwamba kwetu ni karafuu, akashika shavu. "Karanfil!" Yeye hutia chembe moja kwenye birika la chai, na hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu anaipandia mti. Nikamweleza, kwa Kituruki changu cha kubabaisha, jinsi tunavyokaa usiku kuchambua, wakubwa kwa wadogo, mpaka vidole vinauma. Akaniuliza kama wapo wanaoanguka. Nikamwambia wapo, na ami yangu mmoja. Hakusema kitu. Alinimiminia chai nyingine.

Waliopita njiani walituamkia "Kolay gelsin", kazi na iwe nyepesi. Kila mara nilisikia "poleni na kazi" ya nyumbani, nami nikaitikia kwa moyo wote.

Magharibi tulipeleka magunia kinuni. Zeituni zilipulizwa majani, zikaoshwa, zikasagwa mpaka zikawa uji mzito, na mwishowe bomba likaanza kutoa mafuta ya kijani kibichi. Palikuwa na mikate ya moto mezani. Tulichovya tukiwa tumesimama, mikono bado ina udongo. Mafuta mapya huwasha kooni kama pilipili! Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Teyze alinipa chupa moja kwa ajili ya mama. Nilipokwenda likizo, mama aliifungua, akanusa, akashangaa inavyonuka majani mabichi. Hakuyapikia. Kwetu mafuta ya zeituni ni dawa. Alijipaka magotini, akanipaka na mimi utosini, akasoma dua. Kisha akaenda kwenye gunia lake, akajaza mfuko wa karafuu kavu, akaufunga kwa uzi mara tatu.

"Mpelekee mama yako mkubwa," akasema.