Riakta ya maleiki anihidridi: joto lilivyoacha kunipasukia kwenye simulesheni

Jamani hatimaye imetulia, naandika kabla sijasahau. Projekti ya mwaka wa mwisho, kutengeneza maleiki anihidridi (kemikali ya kutengenezea resini za plastiki) kwa kupitisha butani na hewa juu ya kichocheo cha vanadi na fosforasi, riakta ya mabomba mengi inayopozwa na chumvi iliyoyeyuka. Kila niki-run, joto mwanzoni mwa bomba linapaa tu, butani yote inaishia CO2, hamna cha kuvuna.

Nikashusha joto la chumvi, butani ikawa inapita bila kubadilika. Nikahamia riakta ya kitanda kinachoelea (gesi inainua chembe za kichocheo zikaelea), joto likawa sawa kila mahali kweli, na butani unaweza kuingiza hadi 4%, ila gesi zinachanganyikana hovyo, mavuno yakashuka, halafu chembe za kichocheo zinasagika. Nikarudi kwenye mabomba.

Kumbe kipenyo! Nilikuwa nimeweka mm 50, nikaweka 25, eneo la kupoza kwa kila ujazo likawa mara mbili. Hapo kilele cha joto kikashuka lakini bado. Kilichomaliza kazi ni kuchanganya kichocheo na vipande vya kauri visivyofanya kazi, sehemu ya kwanza ya bomba TU, maana huko ndiko butani ni nyingi, ukizimua bomba zima unapoteza uwezo bure.

Kwenye mabomba, butani acha chini ya 1.8% ya gesi inayoingia, usiguse eneo la kulipuka. Na joto la butani kuungua moja kwa moja liingize pia kwenye simulesheni, ni zaidi ya mara mbili ya lile la mmenyuko unaoutaka, mimi nililisahau wiki nzima.