Forodhani ya alasiri

Ukitaja Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, Zanzibar, wengi fikra zinakwenda usiku: mishkaki, urojo, maji ya miwa, moshi mpaka kwenye nguo. Mimi ni mtu wa Forodhani ya alasiri, na nawaomba wazazi wenzangu muwalete watoto saa hizo.

Baada ya sala jua limeshapoa, majani bado yana nafasi ya kukaa, na vijana wanaruka baharini kutoka ukutani kichwa mbele. Bustani hii ilitengenezwa miaka ya 1930, ikakarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena 2009. Lakini uzuri wake ni ujirani. Ukivuka barabara tu, uko Ngome Kongwe.

Ngome ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa, na siku za reli ya Bububu, gari moshi lilifika hapo. Mwanangu hayo hayamshughulishi. Yeye anakwenda moja kwa moja kwa wachoraji. Picha zimeegemezwa kwenye mawe ya matumbawe, nyengine bado mbichi, na chokaa ya ukuta inamwagika unga mweupe juu ya fremu. Mchoraji mmoja alimwachia atie madoa kwenye shingo ya twiga. Hakuna darasa la sanaa lililomfundisha zaidi ya nusu saa ile.

Kinachoniuma ni jirani wa pili, Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash, la 1883. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Mungu awarehemu.

Ndani yake nilikuwa nikienda kuutazama mtepe, chombo cha baharini cha zamani. Mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba, hakuna msumari hata mmoja. Ukiinama unaona kila tundu na kamba ilivyokazwa. Babu zetu walibeba boriti na biashara kwa vyombo vya namna ile, na watoto wa leo hawajakiona hata kimoja.

Jengo likisimama tena, ombi langu ni hili: mtepe uwekwe barazani, upande wa bustani, mtoto aliyekaa kwenye majani na mkate wake wa ufuta auone bila kukata tiketi. Na fundi mmoja awepo, mara moja moja, aoneshe kushona.