Nilivyounganisha jenereta ya akiba na nyaya za nyumba

Jenereta ni ya kVA 5, volti 230. Gawanya 5,000 kwa 230 unapata ampea 21.7, kwa hiyo upande wake niliweka breka ya ampea 20. Chenjova yenyewe, yaani swichi ya kuchagua gridi au jenereta, ni ya ampea 63, kwa sababu umeme wa gridi nao unapita humo humo na meni swichi ya nyumba ni ya 63. Inabadilishwa kwa mkono, ina nafasi I (gridi), 0 (imezimwa) na II (jenereta), na hukata laini (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwa pamoja. Inakaa kati ya meni swichi na sanduku la breka. Wenye gridi walikata umeme upande wa mita kabla sijafungua chochote.

Kebo ni mita 15. Shaba ya milimita za mraba 4 ingetosha, lakini nilivuta ya 6: kwa ampea 20, volti zinazopotea njiani zinashuka kutoka kama 3.3 hadi 2.2, na friji inapowaka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida.

Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili, usithubutu. Umeme unarudi kwenye laini ya nje, transfoma inaupandisha hadi maelfu ya volti, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imezimwa.

Panapokosewa zaidi ni nyutro. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijafungwa na ardhi popote. Chenjova ikikata nyutro ya gridi, nyumba inabaki bila kiungo cha nyutro na ardhi, na RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 haitakata hata laini ikigusa bodi ya friji, kwani mkondo hauna njia ya kurudi. Kibaya ni kwamba kitufe chake cha majaribio kitafanya kazi vizuri tu, maana hakitumii waya wa ardhi. Nilifunga nyutro na ardhi kwenye jenereta, mahali pamoja tu, kabla ya RCD. Ukifunga baada yake, itakata ovyo. Fimbo ya ardhi iliungwa na ardhi ya nyumba, na waya huo haupiti kwenye chenjova. Kisha nikapima: nyutro kwa ardhi karibu volti 0 (kabla ya kufunga, maltimita huweza kuonyesha 100 na zaidi), halafu RCD kwa kipimo chake maalumu kwenye soketi.

Chenjova isiyokata nyutro ni habari nyingine: hapo usifunge kwenye jenereta, kiungo cha gridi kinabaki.

Kuwasha: breka zote chini, chenjova kwenye 0, jenereta ingurume dakika 3, peleka II, pandisha breka moja moja, friji kwanza. Kuzima ni kinyume chake, na injini iachwe dakika 2 bila mzigo. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha na milango, bomba la moshi likielekea upande wa pili. Kaboni monoksaidi haina harufu.