Siku moja kibandani Kibuye: redio bubu ya kijana wa Maseno

Saa moja na nusu asubuhi. Nafungua kibanda upande wa nyuma wa soko la Kibuye, Kisumu. Si Jumapili, kwa hiyo mtu anaweza kupita bila kukanyagwa.

Hadi saa tatu ni simu zisizochaji. Nyingi tundu limejaa vumbi la mfukoni tu, sindano inatosha.

Saa tatu na robo. Kijana anaingia na katoni ya viatu.

"Oyawore, fundi."

"Oyawore. Leta tuone."

"Redio nimeunganisha mwenyewe. Nadhani antena ndiyo mbaya."

Antena! Kila redio ya kuundwa nyumbani ikinyamaza, antena ndiyo husingiziwa. Redio iliyokosa antena lakini ina umeme huwa inatoa ule mvumo wa shhh kwenye spika. Hii hata ukiigusa pini ya kuingizia sauti haikohoi. Kabla ya kuuliza mawimbi yamekwama wapi, uliza umeme umefika wapi.

Bodi yenyewe ni safi, amelehemu vizuri kuliko mafundi fulani ninaowajua. Ni ya kusikilizia megahezi 7, bendi ya mita 40. Kuna aisi (kile kidude cheusi chenye pini nyingi) ya SA612 ya kuchanganya mawimbi, na LM386 ya kusukuma spika. SA612 haifai kulishwa zaidi ya volti 8, ndiyo maana mbele yake kuna regyuleta ndogo, 78L05, ya kuteremsha umeme hadi volti 5.

"Uliwashia chaja gani?"

Anatoa chaja ya volti 9, ya pedali ya gitaa la kanisani, kile kikanyagio cha kubadilisha sauti. Naisoma mgongoni, kwenye kile kimchoro cha duara na nukta. Hasi iko katikati. Tundu la bodi yake linataka chanya katikati. Chaja za pedali nyingi za gitaa ziko hivyo, na plagi inaingia bila kinyongo, kwa hiyo huwezi kujua kwa kuangalia umbo.

Saa nne. Hapa ndipo utamu ulipo. Bodi ilikuja na daiodi mlangoni, ambayo kazi yake ni kukataa umeme uliogeuzwa. Ilifanya kazi yake. Kijana akapima, akaona umeme unafika kwenye daiodi na kuishia hapo, akaamua daiodi imekufa. Akairukia kwa kipande cha waya.

"Ukasikia harufu?"

"Kidogo."

Kisha akadhani regyuleta ndiyo iliyoungua, akanunua nyingine na kuiweka kwa kufuata mchoro wa regyuleta kubwa, 7805. Ukiitazama 7805 usoni, pini ni kuingiza, ardhi, kutoa, kutoka kushoto. Ukiitazama 78L05 upande wake bapa, ni kutoa, ardhi, kuingiza. Ndugu wa tumbo moja waliogeuziana mgongo. Mtengenezaji aliyepanga hivyo angekuja kukaa hapa wiki moja.

Naitoa regyuleta, nang'oa ule waya wa kurukia, kisha mita kwenye omu, yaani kupima ukinzani, nyekundu kwenye chanya ya bodi baada ya daiodi, nyeusi kwenye hasi. Bodi isiyo na hitilafu ya aina hii huanza chini halafu namba zinapanda polepole kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zikijaa. Hapa zimeganda karibu na sifuri. Nachomoa LM386 kwenye soketi yake: namba zinapanda. Mshukiwa amepatikana. Ile kapasita kubwa ya kuingilia nayo imevimba kichwa. Naibadilisha, mstari mweupe upande wa hasi.

Saa saba stima inapotea. Ugali na omena, kisha naendelea na betri ya volti 12.

Saa nane. LM386 mpya, regyuleta iliyotazama inakopaswa, daiodi peke yake kazini. Lakini sichomeki moja kwa moja. Naunga kwa mfululizo balbu ya taa ya nyuma ya bodaboda, volti 12 wati 5. Kukiwa na shoti, balbu inawaka na bodi inapona. Haikuwaka. Mita inaonyesha volti 12 hivi baada ya daiodi, na 5 kwenye pini ya 8 ya SA612, ambayo kwa bahati yake ilisalimika. Bila sauti inakula miliampia 10 hivi, ndivyo inavyotakiwa.

Shhh.

Kijana anataka kuilisha kutoka paneli ya sola nyumbani. Namkatalia. Paneli ya "volti 12" ikiwa juani bila mzigo inapita volti 20, na LM386 hiyo haitakiwi kupita 12 kazini. Betri sita za tochi kwa mfululizo zinatosha.

Saa kumi na mbili na nusu. Tumetandaza waya wa mita 10 hivi hadi kwenye mwembe. Giza linapoingia bendi hii huamka. Morse, ile milio mifupi na mirefu ya herufi, inalia, kisha sauti ya mtu inayonyooka ukizungusha kitufe taratibu. Kusikiliza tu, namwambia. Siku ukitaka kurusha, leseni iko kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

"Ni ngapi, fundi?"

"Mia nne, na vipuri ndani."

"Mia tatu, mimi mwanafunzi."

"Mia tatu na hamsini, na chaja ya kanisa uirudishe leo."