Kauntabuku na kelele za grosari mtaani kwetu

Mimi ni mama wa vitumbua hapa Mtwara mjini. Rojo nasaga jioni, nalifunika liumuke, saa tisa usiku naamka kuwasha mkaa. Saa kumi na moja wateja wa kwanza wanakuwa wameshafika, bodaboda na abiria wanaowahi basi la Masasi. Kwa hiyo saa tatu usiku mimi ni mtu wa kitandani, na hivyo ndivyo nilivyosomesha wanangu.

Mwaka 2022, nyumba ya pili kutoka kwangu ikafunguliwa grosari, yaani baa ndogo. Mwanzoni ilikuwa friji na viti vya plastiki, hatukuwa na neno. Haukupita muda zikaja spika nne, mbili zikapandishwa kibarazani kuelekea barabarani, na dijei kuanzia Jumatano mpaka Jumapili. Usiku mmoja, saa sita, nilifunua beseni nikamulika kwa simu. Uso wa rojo ulikuwa unatetemeka. Kila besi ikipiga, vinatoka vimduara katikati vinakwenda mpaka ukingoni. Kabatini vikombe vinagongana. Mama yangu ana presha, nikamkuta amekaa kitandani kashika kifua. Nililia.

Nisieleweke vibaya: sisi watu wa kusini hatuchukii ngoma. Mwali akitolewa, mtaa unakesha na mimi napika. Lakini ngoma ya unyago ina siku zake, inaombewa kibali, na kesho kutwa imekwisha. Hii ya grosari ilikuwa haina kesho kutwa.

Nilianza vibaya. Nilikwenda usiku na khanga begani kugombana na watu waliokwisha kunywa. Nikapiga simu polisi. Wakaja, muziki ukashushwa, walipoondoka ukapandishwa. Mara tatu hivyo hivyo. Mwenye grosari akaniambia, "Mama, subiri msimu wa korosho, ndiyo utajua kelele."

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mwalimu mstaafu. Alisema, "Mwanangu, malalamiko ya mdomo hayana faili." Akanipa kauntabuku. Kila usiku nikawa naandika tarehe, saa muziki ulipoanza kusikika chumbani mlango ukiwa umefungwa, saa ulipozimwa, na kilichotokea: mama kaamka, mtoto wa jirani kalia, polisi wamefika na kuondoka. Sikuandika matusi wala hasira zangu. Nilikuwa na uchungu mwingi, lakini mwalimu alinikataza, na alikuwa sahihi, kwa sababu daftari lile lilikuja kusomwa mbele ya mwenye grosari mwenyewe na hakupata pa kulipinga.

Mwalimu pia ndiye aliyeingia kwenye grosari mchana, akaagiza soda, akasoma leseni iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa leseni ya kuuza vileo, na saa ya kufunga imeandikwa. Haikuwa ya kuendesha disko. Hapo nikajifunza jambo ambalo ningependa kila mama ajue. Leseni za vileo ziko chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na wakati ule zilikuwa zinakatwa kwa miezi sita sita: Aprili hadi Septemba, kisha Oktoba hadi Machi. Ombi la kuhuisha linapitia kata kabla ya kufika halmashauri. Maana yake Septemba mwenye grosari alihitaji mkono wa kata, na kata inasikiliza watu wake.

Kelele nazo zina sheria yake. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zimeweka viwango kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Cha usiku ni kidogo kuliko cha mchana, na makazi hayapimwi sawa na eneo la viwanda. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakati ule walikuwa na ofisi ya Kanda ya Kusini hapa hapa Mtwara, na Manispaa ina Afisa Mazingira wake.

Tuliandika barua moja, ukurasa mmoja, kwa mtendaji wa kata kupitia mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa Afisa Mazingira na NEMC. Kaya kumi na tisa zikatia saini. Dada anayechoma mishkaki mlangoni pa grosari alikataa, akasema, "Shoga, mimi nitakula wapi?" Sikumlaumu, na maneno yake yalinifanya niibadilishe barua. Hatukuomba grosari ifungwe. Tuliomba spika ziingie ndani na muziki usitoke nje baada ya saa nne usiku. Kila ofisi nilihakikisha nakala yangu imepigwa muhuri wa kupokelewa. Nilipoambiwa barua haionekani, nilitoa nakala yenye muhuri, ikaonekana.

Maafisa walikuja Ijumaa saa tano usiku bila kupiga hodi grosari. Walisimama dirishani kwangu na kipimo chao. Mama akawaita, "Wanangu, njooni mkae hapa kitandani kwangu, ndiyo mtapima vizuri." Wakaingia kweli. Yule kijana mwenye kipimo aliweka mkono ukutani, akautoa, akamtazama mwenzake.

Kikao kilifanyika ofisi ya kata katikati ya Septemba. Mwenye grosari alilalamika kwamba tunamzibia riziki korosho zikikaribia kuuzwa. Mtendaji akasoma daftari kwa sauti, usiku baada ya usiku. Waliposikia habari za mama na presha yake, ukumbi ulitulia. Leseni ilihuishwa Oktoba, kwa sharti la spika ndani na saa nne.

Malipo ya korosho yalipoanza kuingia, Jumamosi mbili sharti lilivunjwa. Nikaandika, nikapeleka kurasa kwa mtendaji Jumatatu yake, mwenye grosari akaitwa. Tangu hapo akiwa na sherehe ananipigia mwenyewe mchana: "Mama, leo tutachelewa kidogo, saa tano tunazima." Akisema saa tano, inazimwa saa tano.

Kauntabuku bado inaning'inia kwenye msumari karibu na jiko. Kurasa za mwisho zilibaki tupu, sasa naandikia madeni ya vitumbua.