Siku ilipoishia kwenye bega la mtume

Jana jirani kachanganya chokaa ya kupiga ukuta, ile harufu yake ikanifuata mpaka ndani nikajikuta nipo tena Glendale Springs, North Carolina kule Marekani, kwenye kile kikanisa cha mbao cha milimani. Safari yenyewe naikata, kona kona na mvua tu.

Tukaingia. Ukuta wa nyuma ya madhabahu wote ni Karamu ya Mwisho, kazi ya mchoraji Ben Long ya mwaka 1980, na waliokaa kuchorwa kama mitume ni watu wa maeneo yale yale. Nikasema nzuri, nikatoa simu nipige picha tuondoke. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima wa pale, akaniita nisogee pembeni kabisa, niutazame ukuta kwa ubavu. Akanyoosha kidole bila kugusa, akafuata kimstari chembamba sana kilichozunguka bega la mtume mmoja, taratiiibu, akasema hapa ndo siku ilipoishia.

Yaani kwenye freski, ndo uchoraji huu wa juu ya plasta ya chokaa, unapaka plasta mbichi kile kipande tu utakachokimaliza siku hiyo, rangi zenyewe ni unga wa rangi na maji basi, hakuna gundi, chokaa ikivuta hewa ya ukaa inageuka jiwe na rangi inabaki humo humo. Ikikauka kabla hujamaliza unabandua, kesho unaanza upya. Nikakiangalia tena kile kimstari, nikaona kingine, halafu kingine kwenye mkunjo wa kanzu, aisee nikashindwa kutoka, nilikuwa nazisoma siku za kazi za mtu ukutani, moja moja, na simu nikairudisha mfukoni.

Long ufundi huu aliupata Florence, Italia, kwa mchoraji Pietro Annigoni, akarudi kwao, 1974 akamchora Maria mjamzito pale kanisa la St. Mary's, West Jefferson, na akawa anafundisha wengine. Mwanafunzi wake Christopher Holt ndo kachora ule ukuta wa kanisa la Haywood Street kule Asheville, ulikamilika 2019, zile Heri za Yesu kwenye Injili ya Mathayo, na kati ya waliochorwa wapo waliowahi kukosa pa kulala. Hilo linanigusa mno.

Kuna rafiki ananibishia kwamba kitu kilichotoka Italia na mtu mmoja hakiwezi kuitwa jadi ya milima ile. Labda. Ila yule mama alikuwa anasema "ukuta wetu", na mimi sijapata bado jibu la kumpa rafiki yangu.