Gunia la Igurusi

Oktoba tulitoka Mbeya, na kama msafiri yeyote wa njia ile, tulisimama Igurusi kununua mchele. Mashine za kukoboa zilinguruma, pumba zimerundikana kama vichuguu. Gunia tukalitupa nyuma ya gari.

Rujewa tukaacha barabara kuu, tukashika njia ya Ubaruku. Mavuno yalikwisha zamani, majaruba yamebaki na mabua makavu na nyufa za kuingiza kiganja. Kilichonishangaza ni mfereji. Maji yalikuwa yakitembea humo, kina cha magoti, na hapakuwa na mpunga wa kunywesha. Nikamwamkia mzee mmoja aliyeketi ukingoni, nikamuuliza maji yale yanaenda wapi.

“Yanaenda kwa watu, mwanangu. Tunaoga, tunafua, ng'ombe wanakunywa. Hebu jaribu kufunga banio, maji yasiingie mferejini, uone, kijiji kizima kitakufuata na marungu.” Akacheka.

Hatua chache mbele ukingo ulikuwa umebomoka. Maji yalimwagikia kwenye nyasi, yakatuama, yakapotelea hapohapo. Mfereji wa kuyarudisha mtoni sikuuona.

Mbarali, Kimani, Chimala na mito mingine inayoteremka milimani hukusanyikia bonde la Usangu na kulisha ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ni kama bakuli. Mahali pa kutokea maji pana kizingiti cha mwamba, Ng'iriama, na maji hayatoki mpaka yapande juu ya mwamba ule. Ndiyo maana huhitaji kukausha Ihefu yote ili kuua mto: kina kikishuka chini ya kizingiti, hata kidogo tu, mto Ruaha Mkuu unaotokea hapo unakatika. Kabla ya miaka ya 1990 mto huo ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 hukatika kila kiangazi.

Mwaka 2006 wafugaji walianza kuondolewa Usangu, na 2008 eneo hilo likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mabanio yanayochepusha maji ya mito kwenda kwenye mpunga yakabaki juu, nje ya mpaka. Nionavyo, ng'ombe walibeba lawama nyingi za kukauka kwa mto kwa sababu ng'ombe anaonekana kwa mbali. Maji yanayopotelea kwenye nyasi hayana mwenyewe wa kushikwa.

Tulilala Iringa. Kesho yake, kupitia Idodi na Tungamalenga, tukafika hifadhini. Nilichungulia chini ya daraja nikaona mchanga mtupu. Mbele kidogo, kwenye dimbwi lililobaki, viboko walikuwa wamebanana hata hujui mgongo upi ni wa nani, tope limewakaukia na kupasukapasuka kama yale majaruba ya Ubaruku. Tembo mmoja jike alikuwa katikati ya mto akichimba kwa mguu wa mbele. Alichimba, akasubiri, akaingiza mkonga, akavuta. Mtoto wake akajaribu kusukuma kichwa shimoni, akasogezwa pembeni.

“Na mto huu ndio unaopeleka maji Mtera na Kidatu kwenye umeme,” alisema muongoza watalii wetu, akinyoosha mkono kuelekea mchangani. Nilidhani anatania.

Kiu ikambana. Akafungua mlango wa nyuma kutafuta chupa ya maji, akaliona gunia.

“Wa Igurusi huo?”

“Wa Igurusi.”

“Mtamu sana,” akasema, akanywa, akafunga mlango.